Usiguse, Huhema

Vavřinec, faili lako nililirithi
pamoja na kikombe chenye ufa
na nywila uliyoiandika nyuma ya tiketi ya tramu.
Laini mia tisa na kumi na mbili.
Nilidhani ni kanda la usufi;
mzigo wa mwenzio huonekana hivyo
mpaka unyeshewe.

Hapa Olomouc theluji imeanza kuoza kando ya reli
na mimi, ghorofa ya nne, soksi mbili mbili,
nakitunza kiendeshi cha printa
ambayo kiwanda chake sasa ni ukumbi wa mazoezi ya viungo.
Ndani kabisa ya kiini cha mfumo,
pale ambapo kosa dogo haliombi radhi,
linazima mashine nzima,
ndipo ulipokipa chumba.

Kazi yake si kubwa.
Hufikisha herufi moja mlangoni,
hubisha hodi kwa waya mmoja,
husubiri waya mwingine useme: haya, lete.
Herufi. Hodi. Subiri. Lete.
Miaka ishirini na tisa.

Kila mwaka kiini hubadili desturi:
kufuli za zamani hupigwa marufuku,
kazi hubatizwa majina mapya,
nami hukishonea kiraka
kisije kikatoka uchi mbele za watu.
Wapo wanaouliza, kwa adabu,
kama bado kuna anayekitumia.
Hujibu, kwa adabu, kwamba sijui,
ila asiyelia si lazima awe amekufa.

Kwenye laini ya mia nne na sita uliandika:
*Usiguse. Ya Šumperk huhema.*
Basi. Wewe na ubahili wako wa maneno.
Chini yake umeamuru kusubiri
sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila mwisho wa mstari.
Mwaka jana Gyeong-tae, kijana wa Daejeon,
ambaye msimbo wake ni safi kama sahani iliyorambwa,
akauliza: nani huhema?
Nikatafuta, nisione. Nikasema futa.
Nilisema mimi. Yeye aliuliza tu.

Novemba ikaja bahasha, ya karatasi, yenye stempu,
kutoka kiwanda cha maziwa.
Ndani, stakabadhi ya mizani, nakala tatu za kaboni,
kila mstari umenyofolewa kichwa:
LÉKO badala ya MLÉKO,
REJZA badala ya KREJZA, lita 412.
Pembeni, kwa kalamu ya bluu, mwanamke aitwaye Drahomíra:
"Wakulima wanataka majina yao."

Nikapanda treni ya saa kumi na mbili na robo.
Printa ilikaa juu ya kreti, ubavuni mwa mizani,
imevikwa mfuko wa plastiki dhidi ya mvuke,
rangi yake ya jino la mvuta sigara.
Nikainama.
Kichwa kinakimbia mpaka ukingoni,
kinarudi, kinagonga,
halafu
hhh.

Mkanda umelegea, Vavřinec.
Huenda ulilegea tangu siku ile ulipokuja wewe,
ukapiga magoti kwenye sakafu hii hii yenye maji,
ukaona ni rahisi zaidi
kukifunza subira kiini cha dunia nzima
kuliko kupata mkanda mpya.

Nikairudisha papo hapo, kompyuta mapajani,
Drahomíra akinishikia tochi ambayo sikuihitaji.
Safari hii nimeandika aya nzima:
mkanda, mizani, mvuke, jina la mji.
Yako sikuifuta, iko juu yake.
Gyeong-tae ameomba nimrekodie ile pumzi.
Nimemtumia, sekunde tisa;
hajajibu, lakini ameisikiliza mara nne.

Kabla sijaondoka Krejza mwenyewe aliingia na mikebe,
akapima, akapokea stakabadhi,
akaisogeza karibu na miwani.
Jina lilikuwa kamili.
Bei, akasema, ndiyo bado imekatwa kichwa.